Kinga Isiyo na Shahidi

Katika karakana za useremala, kuanzia Keko jijini Dar es Salaam hadi vibanda vya barabarani mjini Ifakara, kuna kauli inayotoka kabla damu haijakauka: ajali haina kinga. Aliyekatwa huambiwa hivyo apate kutulia. Mwenye karakana huisema ili asiulizwe zaidi. Na kijana aliyesimama pembeni, mgeni wa kazi, huisikia akaihesabu kuwa mojawapo ya mambo aliyokuja kufundishwa.

Ndani ya kauli hiyo mna pole, na mna fundisho. Pole haina ubishi. Mtu aliyefungwa kitambaa mkononi hahitaji mhadhara. Fundisho ndilo lenye utata, kwa kuwa linadai kwamba jambo likishapangwa kutokea, binadamu hana la kufanya. Waumini wengi huliunga mkono wakidhani ndiyo imani yenyewe. Msumeno wa meza ni mahali pazuri pa kulipima dai hilo, kwani ni mashine ambayo karibu kila ajali yake ina maelezo, na karibu kila maelezo yana kinga.

Bonde la Kilombero, ulipo mji huo wa Ifakara, linaijua mbao. Mninga na mvule vimevunwa huko kwa miaka mingi, na kampuni ya Kilombero Valley Teak Company, iliyoanzishwa mwaka 1992, imepanda mitiki katika wilaya za Kilombero na Ulanga. Hata katika kijiji cha wakulima wa mpunga kama Namawala, ukingoni mwa mbuga inayofurika maji ya mto, watu wanahitaji milango, vitanda na madawati. Kilichobadilika ni nguvu inayokata. Mitambo ya Kihansi, yenye uwezo wa megawati 180, inazalisha umeme kwa maji yanayoshuka kuelekea bonde hilohilo, na nguzo za Wakala wa Nishati Vijijini, REA, zimefikisha umeme katika vijiji ambavyo zamani viliusikia redioni tu. Kijana ambaye angeanza kwa miaka kadhaa ya msumeno wa mkono, ambao kosa lake huja polepole na mara nyingi huishia kwenye mchubuko, sasa anaweza kusimamishwa mbele ya mota angali mgeni.

Na mota haisubiri. Diski ya inchi 12 ikizungushwa mara 2,880 kwa dakika, meno yake husafiri kwa mwendo wa takribani kilomita 165 kwa saa, zaidi ya maradufu ya kilomita 80 anazoruhusiwa dereva wa basi la abiria nchini Tanzania.

Tazama ubao mmoja wa mtiki ukipasuliwa. Fundi anauegemeza kwenye chuma kilichonyooka sambamba na diski, anausukuma taratibu, na meno ya mbele yanashuka yakikata na kuukandamiza ubao mezani. Hapo hakuna neno. Hatari iko upande wa nyuma, ambako mwanafunzi haangalii: meno yaleyale, yakishapita chini ya meza, huibuka yakipanda juu. Ubao uliokuwa na mvutano ndani yake tangu ulipokuwa mti, au uliokauka upande mmoja, ukipasuliwa hujifunga na kuibana diski. Meno ya nyuma huudaka, huunyanyua na kuurusha kwa huyo anayeusukuma. Mkono uliokuwa ukisukuma, ukiwa umepoteza ghafla kitu cha kusukuma, huteleza mbele kuelekea kwenye diski. Yote hayo hutokea kabla mtu hajajua kwamba kuna jambo limetokea.

Dawa yake ni bapa dogo la chuma linalosimama nyuma ya diski, unene wake ukiwa pungufu kidogo ya upana wa njia ya msumeno, likizizuia pande mbili za ubao zisikutane. Halina mota wala swichi. Likifanya kazi yake, hakuna kinachotokea.

Mengine anayofundishwa mwanafunzi ni mepesi kuyataja: asisimame nyuma ya ubao moja kwa moja bali kando, diski isichomoze juu ya ubao kuliko inavyohitajika, vidole vikikaribia meno, kijiti cha kusukumia kishike zamu, glavu zivuliwe na mikono ya shati ifungwe, maana diski hudaka kitambaa na kuvuta kilichomo, na ubao usikatwe kwa upana kwa kushikwa mikono mitupu. Kwa saa moja mtu mwerevu anaweza kuyakariri yote. Kuyaamini ni kazi nyingine.

Swali la nani au nini kinachosababisha ajali limewasumbua wanadamu tangu kale, na inashangaza ni mara ngapi wamelijadili kwa kutazama jengo linaloanguka.

La kwanza ni ghala. Edward Evans-Pritchard, mwanaanthropolojia Mwingereza aliyeishi na Waazande kusini mwa Sudan kati ya mwaka 1926 na 1930, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1937 juu ya maghala ya nafaka ambayo watu hukaa chini yake wakikwepa jua. Mara mojamoja ghala huporomoka na kuwaumiza. Waazande walijua fika kwamba mchwa wamekula nguzo. Walijua pia kwamba watu walikuwa chini kwa sababu ya kivuli. Walichouliza ni kwa nini nguzo zilikatika saa ileile walipokuwa pale watu walewale, na hapo ndipo walipotaja uchawi.

Wasomaji wengi huishia hapo. Lakini katika kitabu hichohicho kuna mchongaji hodari ambaye bakuli na vigoda vyake vilipasuka akiwa bado anavichonga. Alisema ni husuda ya majirani, na hoja yake ilisimama juu ya ufundi: alijua kuchagua gogo, alijua kulichonga bila haraka, kwa hiyo kupasuka kwake lazima kuwe na sababu nyingine. Kijana aliyejikwaa kwenye kisiki naye alijitetea kwamba alitembea akiangalia njia, kama kila Mzande anavyofanya. Kwa watu hao uchawi haukuwa kichaka cha kufichia uzembe. Anayetaka kuuliza "kwa nini mimi?" alipaswa kwanza kuonyesha kwamba upande wa "vipi" aliutimiza.

La pili ni ukuta. Abu Hamid al-Ghazali, mwanachuoni aliyefariki mwaka 1111, ndani ya Ihya Ulum al-Din alitenga kitabu kizima kwa tauhidi na tawakali, yaani kumtegemea Mwenyezi Mungu. Humo anamkatalia mtu anayelala chini ya ukuta ulioinama au katika mkondo wa mafuriko akidai kwamba amemwachia Mungu. Kwa al-Ghazali, sababu zinazojulikana wazi ni sehemu ya utaratibu ambao Muumba ameuweka. Kuzipuuza ni ujinga unaojipamba kwa jina la dini.

La tatu ni mnara. Injili ya Luka, sura ya 13, inasimulia mnara wa Siloamu ulioua watu 18 jijini Yerusalemu. Yesu anawauliza wasikilizaji wake kama wanadhani hao 18 walikuwa wakosefu kuliko wakazi wengine wote wa mji, na mwenyewe anajibu kwamba sivyo.

Yakiwekwa pamoja, majengo hayo matatu yanagawana kazi. Al-Ghazali anazungumza na mtu kabla ukuta haujaanguka: ondoka hapo. Luka anazungumza na watazamaji baada ya mnara kuanguka: msiwahukumu waliokufa kwa sababu tu wamekufa. Waazande wanaacha mlango wazi kwa maumivu yanayobaki hata maelezo yote yakishatolewa. Hakuna hata mmoja kati yao anayefundisha kwamba kinga ni upungufu wa imani. Kosa la karakanani ni kulichukua neno la baada ya ajali na kulitumia kabla yake.

Mbao nazo zina mafumbo yake. Mvule, mti unaothaminiwa kote Afrika Mashariki kwa milango na samani, wakati mwingine hubeba mawe ndani ya shina, magumu na ya rangi ya chokaa, ambayo hayaonekani kwa nje. Fundi anapasua ubao uliotulia, sauti ya mota imekaa sawa, mara mlio unapanda, cheche zinaruka, na jino la diski limevunjika. Miongoni mwa Wayoruba wa Nigeria mti huohuo unajulikana kuwa makazi ya pepo, na mtu aliyewahi kusikia msumeno ukigonga jiwe katikati ya mti hatashangaa kwamba wazo hilo lilizaliwa. Watafiti wa Uswisi waliochunguza mivule nchini Ivory Coast wanaeleza njia nyingine: mti hutengeneza oksalati ya kalisi, na bakteria pamoja na kuvu huigeuza taratibu kuwa kabonati ya kalisi, yaani mawe ya aina ileile ya chokaa.

Maelezo hayo hayamwambii fundi ni ubao gani kati ya mia wenye jiwe. Yanamwambia kwamba jiwe linawezekana, na hilo linamtosha kujua asimame wapi na uso wake auelekeze wapi. Kisichotabirika hakikosi kinga. Kinga yake huwekwa kwa kila ubao, ukiwemo ule usio na jiwe.

Watu wa Namawala wanalijua jambo hili kutoka upande mwingine kabisa. Kijiji chao ni miongoni mwa vijiji vilivyoandikwa sana katika utafiti wa malaria duniani. Maabara ya Uswisi iliyoanzishwa na Rudolf Geigy mjini Ifakara katika miaka ya 1950 ndiyo chimbuko la taasisi inayoitwa leo Ifakara Health Institute, na watafiti waliohesabu mbu katika nyumba za Namawala kuelekea miaka ya 1990 walikadiria kwamba mkazi mmoja aliumwa na mbu wenye vimelea zaidi ya mara 300 kwa mwaka. Mbu waliongezeka na kupungua kwa misimu, lakini idadi ya watu wenye vimelea damuni haikupanda na kushuka pamoja nao.

Fikiria maana yake kwa mwanakijiji. Anaumwa na mbu usiku baada ya usiku, na siku nyingi anaamka mzima. Homa inapokuja, ni mbu yupi wa kulaumiwa? Mwaka 1998 kundi la watafiti, akiwemo mwanaanthropolojia Susanna Hausmann Muela, lilichapisha makala kutokana na utafiti wa eneo hilohilo, likieleza imani kwamba mchawi anaweza kuwaficha vimelea wasionekane kwenye hadubini ya hospitali, au kutengeneza malaria ya bandia. Watu hao hawakuikataa hadubini. Walikuwa wanajibu swali ambalo hadubini haikuwajibu: kwa nini mtoto huyu haponi.

Kisha vikaja vyandarua. Mradi wa KINET, ulioanza bondeni katika nusu ya pili ya miaka ya 1990, uliuza vyandarua na dawa kwa jina la Zuia Mbu. Matokeo yaliyochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2001 yalionyesha kwamba vyandarua vyenye dawa viliendana na ongezeko la asilimia 27 la kunusurika kwa watoto wenye umri wa kati ya mwezi mmoja na miaka minne. Takwimu hiyo ilipatikana kwa kufuatilia kaya kwa maelfu, miaka kadhaa. Lakini hakuna mama hata mmoja aliyeweza kumshika mtoto wake mkono na kusema: huyu angekufa, chandarua kimemwokoa. Kifo kilichozuiwa hakina kaburi, hakina tarehe, hakina jina.

Bapa la nyuma ya diski liko hivyohivyo. Mwanafunzi akipasua mbao mia bila bapa, pengine zote mia zitapita salama. Kila moja inamwambia kwamba mwalimu alikuwa mwoga. Aristotle, katika kitabu cha pili cha Maadili ya Nikomako, anasema mtu huwa mjenzi kwa kujenga, na anaongeza jambo ambalo wanaomnukuu huliruka: kujenga vibaya nako hufanya wajenzi, ila wabaya. Msumeno wa meza ni mwalimu wa aina hiyo ya pili. Hausemi kitu unapokosea, unanyamaza siku nyingi, na somo lake la kwanza linaweza kuwa la mwisho.

Basi amsikilize mkubwa wake? Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Methali hiyo inachukulia kwamba mkuu mwenyewe analo neno. Fundi aliyeling'oa bapa miaka kumi iliyopita kwa sababu lilimsumbua alipotaka kuchimba mfereji kwenye ubao, akalitupa chini ya meza na hakulirudisha, ana vidole kumi na ana hoja: "Mbona mimi sijakatwa?" Ni hoja dhaifu kuliko inavyosikika. Mashahidi wake ni yeye na wengine waliobaki kazini. Aliyepoteza vidole vitatu hayupo karakanani kutoa ushahidi. Huenda amerudi kulima mpunga.

Mwaka 1976 wanafalsafa Bernard Williams na Thomas Nagel walijadiliana juu ya bahati katika maadili, na mjadala wao unahamia karakanani bila shida. Vijana wawili wanapasua mbao bila bapa, kwa haraka ileile, kwa uzembe uleule. Mmoja anapoteza kidole. Mwingine anakwenda kunywa chai. Mtaani wa kwanza ataitwa mzembe na wa pili ataitwa fundi. Lakini walichokifanya ni kimoja. Kilichowatofautisha ni ubao. Kama tunaamini kwamba mtu ahukumiwe kwa matendo yake, basi huyo wa pili naye ana hesabu ya kutoa, ingawa hakuna damu ya kumshtaki.

Hapa ndipo imani inapoingia kwa mlango ambao wengi hawautarajii. Kawaida hudhaniwa kwamba mwenye kuweka kinga anategemea akili yake, na asiyeweka anamtegemea Mungu. Tukitazama vizuri, mambo yako kinyume. Anayeling'oa bapa ndiye anayetegemea macho yake tu: ameona mbao mia zikipita, ameridhika. Anayelirudisha kila asubuhi anatenda kwa ajili ya tukio ambalo hajaliona na ambalo, akifaulu, hataliona kamwe. Waraka kwa Waebrania, unapoeleza imani katika sura ya 11, unazungumzia mambo yasiyoonekana, na mfano mmojawapo unaoutaja ni Nuhu, aliyetahadharishwa juu ya kitu ambacho kilikuwa bado hakijaonekana, akaunda safina.

Nuhu ni mfano unaowafaa Waislamu na Wakristo wa bondeni kwa pamoja. Mungu aliyeweza kumwokoa kwa neno moja alimwamuru kushika zana. Katika Kurani wokovu wake unabebwa na chombo cha mbao na misumari, na anapokiunda wakubwa wa kaumu yake wanapita wakimcheka. Kicheko hicho ni cha watu wanaopima kwa walichokiona: hapakuwa na gharika jana, wala juzi. Hadithi katika mkusanyo wa Muslim inamtaja Nabii Zakaria kuwa seremala, Injili ya Marko inamwita Yesu hivyohivyo, na mwaka 1955 Papa Pius XII aliiweka sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi tarehe 1 Mei. Dini hizi mbili zimeishi karibu mno na useremala kiasi cha kutostahili kusingiziwa kwamba zinadharau tahadhari.

Linabaki suala la gharama, ambalo halitatuliwi kwa kusali wala kwa kufikiri. Mwaka 1999 Steve Gass, Mmarekani aliyesomea fizikia na kufanya kazi ya uwakili wa hataza, alibuni njia ya kuusimamisha msumeno ndani ya takribani milisekunde tano ngozi inapogusa meno: mkondo mdogo wa umeme kwenye diski hubadilika, na kipande cha alumini kinarushwa kwenye meno na kuyakwamisha. Kampuni kubwa za zana hazikuikubali, naye akaanza kuuza misumeno yake mwenyewe kwa jina la SawStop. Ni katika nchi ambayo tume yake ya usalama wa bidhaa imekadiria kwamba misumeno ya meza huwakata viungo watu wapatao kumi kila siku. Kwa hiyo ajali nyingine zina kinga inayojulikana, yenye hataza na bei, na swali la kwa nini fulani kakatwa linapata jibu ofisini, mezani pa mhasibu.

Ifakara haihitaji alumini inayorushwa ili kuanza. Mashine nyingi za mitaani nchini huundwa kwa vyuma vilivyochomelewa, mota na mkanda, bila bapa na bila kifuniko. Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulianza kazi mwaka 2015, lakini kijana anayejifunza kwa makubaliano ya mdomo, halipwi na hana mkataba, ni shida kumweka kwenye daftari la yeyote. Fundi wa kuchomelea aliyeunda meza ile mara nyingi yuko mtaa wa pili, na chuma kinachotosha kwa bapa hubaki sakafuni kwake jioni. Hakulitia kwa sababu mteja hakuliomba.

Mteja anaweza kuliomba kabla ya kutoa malipo ya awali, na hilo ni jambo rahisi. Mwanafunzi naye anaweza kusema, "Samahani fundi, lile bapa la nyuma liko wapi?" kabla swichi haijawashwa. Hilo ni gumu zaidi, kwa kuwa linaulizwa na mdogo kwa mkubwa, mbele ya mafundi wengine, na mteja amekaa kwenye benchi akisubiri kitanda chake.